Khalas ya Mtende, Khalas ya Kumaliza

Nnakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya joto la kuchemsha ubongo, nimekaa nyuma ya pazia katika nyumba ya baba yangu kule Khoudh ya zamani, nna miaka thelathini na mbili na kiburi cha watu watatu. Upande wa pili wa pazia walikaa wanaume wanagawa mali ya marehemu. Upande wetu tulikaa wanawake, tunajipepea kwa pembe za leso na kujifanya hatusikilizi. Siku ile nilitamka neno moja tu. Hata la Kiswahili si la Kiswahili. Nimelibeba mpaka leo, na leo nna meno sita ya kuzaliwa nayo, mengine yote ya kununua.

Mie nimechoka kulisimulia, wallahi. Lakini haupiti mwaka ila atanijia binti wa watu, kavaa nyeusi, macho mekundu: "Bibi Zuwena, baba katutoka, Jumamosi kaka zangu wanagawa, nisemeje?" Na kila mmoja ananijia na uso ule ule niliokuwa nao mie siku ile. Basi kaa kitako. Magoti yangu hayana nguvu ya kukufukuza, kwa hiyo hata ukichoka utanisikiliza.

Baba yangu alikuwa mkulima. Alizaliwa Pemba kwenye mikarafuu, na tulipokuja huku Oman, nami ni msichana wa miaka kumi na sita, alikuta shamba la babu yake limebaki ukuta ulioporomoka na mitende iliyokonda kando ya wadi, lile bonde linaloshuka maji ya mvua. Wenziwe walikwenda kutafuta viti vya ofisini. Yeye akashika jembe. Habari za mtende hakuzijua hata chembe. Mtende, mwanangu, si mkarafuu. Unataka upandwe mpaka juu na kutiwa poda ya mtende dume kwa mkono, unataka maji ya falaji, ule mfereji wa kale, na maji yenyewe yanakuja kwa zamu, ikikupita imekupita. Baba alijifunza kwa kuulizauliza kwa Kiarabu chake cha kuchechemea, ila na mitende yenyewe alisema Kiswahili. Majirani wakimcheka: "Abu Nassor, mitende ya hapa haijui Kiswahili." Yeye akijibu: "Itajifunza."

Na ikajifunza kweli. Ilizaa mpaka vichala vikahitaji kufungwa kamba.

Mama hakumaliza mwaka huku. Alifariki, akaniachia mdogo wangu Nassor, mtoto wa miaka tisa, mkaidi, hataki kuoga. Mie ndiye niliyekuwa mama yake. Nilimlisha, nilimfulia, nilimkanda akiwa na homa, na mkono wangu haukuwa mbali na shavu lake. Neno langu kubwa kwake lilikuwa "khalas". Weye unalijua, sote tumelichukua kwa Waarabu: basi, imekwisha, hakuna tena. Akililia peremende, khalas! Akikataa kutoka barazani, khalas, maji ya kuoga yanapoa! Na nilimfunza sheria moja: dada akisema khalas, huulizi mara ya pili. Ukiuliza, kofi. Alijifunza upesi, Mungu amrehemu. Kumbe nnajichimbia shimo langu mwenyewe, tena kwa kijiko, kidogo kidogo.

Mie nikaolewa, nikahamia Hamriya, kwenye nyumba ya juu ya maduka, harufu ya kahawa na vitambaa vipya mchana kutwa. Nassor akapelekwa Misri kusoma, akakaa miaka mitano. Na katika miaka ile ndipo baba alipopewa na rafiki yake machipukizi matatu ya mtende wa khalas. Ndiyo, khalas ni jina la mtende vilevile, usinicheke. Tende zake rangi ya asali, ukizitia mdomoni zinayeyuka zenyewe hujatafuna. Nilikwenda shamba Ijumaa moja, baba akanambia, "Zuwena, njoo ushike usimame." Nikaushika mmoja mmoja, miba inanichoma viganja, yeye anashindilia udongo kwa miguu. Tulipomaliza akajifuta jasho akasema, "Hii mitatu ni ya Zuwena. Mie nimetia udongo tu."

Alisema kwa mzaha. Lakini tangu siku ile kila nikenda shamba, husalimia mitende yangu kwanza, kisha ndiyo watu. Ilisimama karibu na mlango wa shamba, huwezi kuingia usiione. Mwaka ilipozaa mara ya kwanza, ndio mwaka baba aliofariki. Hakuwahi kuzionja.

Basi tukafika kwenye siku yenyewe ya kugawa. Warithi tulikuwa wawili tu, mie na Nassor. Sheria unaijua: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mitende ya shamba ilikuwa arubaini na mitano, yangu kumi na mitano, pamoja na zamu yangu ya maji na fungu langu la nyumba. Hapana mgogoro hapo, Mungu keshagawa. Tatizo ni ipi yangu na ipi yake.

Nassor alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Misri, kapata kazi wizarani Al Khuwair, ana kalamu nne mfukoni mwa kanzu. Akapima shamba kwa kamba, akachora karatasi nzuri, kila mtende na nambari yake, upande wake kautia rangi ya kijani na wangu rangi ya manjano. Akampelekea shekhe aliyekuja kutugawia. Mie hakunionesha. Shangazi yangu, Bi Raya, dada yake baba, ndiye aliyeichungulia akaja kunambia: upande wa mlangoni kauweka kwake, wako huko nyuma kwenye wadi. Na mitende yangu mitatu imo ndani ya kijani.

Hebu nisikilize vizuri hapa. Nassor alikuwa Misri tulipoipanda. Hakujua. Baba hakumwandikia barua ya kumwambia dada yako kashika machipukizi. Ningemwita tu uani nikamwambia, "Bwana mdogo, ile mitatu niipe mie, baba alinambia yangu," ingekuwa imekwisha kabla kahawa haijapoa. Lakini nilijiambia: kama hajui mwenyewe, simwambii. Anijue! Mie niliyemfuta makamasi, anashindwaje kunijua? Hayo ndiyo mawazo ya mtu wa miaka thelathini na mbili, mwenye mume na watoto. Naona haya hata kuyasema.

Shekhe alikuwa mzee wa Kiunguja, sauti ya mkwaruzo. Akaniita kutoka upande wa pili wa pazia: "Binti wa marehemu, unanisikia?"

"Nnakusikia, shekhe."

"Fungu lako kakuchorea nduguyo huku upande wa wadi. Umeridhika nalo, au una neno?"

Neno nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini pembeni yangu palikaa mama mmoja wa jirani, akaninong'oneza: "Mwachie ndugu yako. Una mume, una nyumba. Siku ukiachika utarudi wapi?" Na mwengine akafyonza, kama vile mie nimeshadai tayari. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, na nyinyi pia msijifanye hamjui: mwanamke anayetaja fungu lake hutazamwa kama kamtoa ndugu yake jicho. Haya zikanipanda, na hasira zikapanda juu ya haya.

"Khalas," nikasema.

Kisha shekhe akacheka kidogo, akasema, "Khalas ipi hiyo, binti yangu? Khalas ya mtende, au khalas ya kumaliza?"

Wanaume wakacheka wote. Na katika vicheko nikakisikia cha Nassor.

Mlango ulifunguliwa mpana namna ile! Mzee wa watu kanifungulia kwa mikono yake miwili, tena kwa mzaha, hata nisione haya. Ningesema, "Ya mtende, shekhe, ile mitatu ya mlangoni," wangecheka mara ya pili na mitende ingekuwa yangu. Lakini kile kicheko cha Nassor kilinichoma. Nikasema, "Ya kumaliza. Fungu langu nimemwachia mdogo wangu. Lote."

Shekhe akaacha kucheka. "Lote? Kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja."

Ule ulikuwa uongo mtupu, tena mbele ya shekhe.

Unajua nilikuwa nangoja nini? Kwetu mgeni akikaribishwa chakula husema nimeshiba, na mwenye nyumba humwapia, wallahi hutoki mpaka ule. Mgeni hukataa mara ya pili, hulazimishwa, mwisho hula kuliko wenyeji. Ndicho nilichokuwa nangoja. Nilingoja Nassor aseme, "A-a, dada, haiwezekani, chukua chako." Nilitaka nibembelezwe mbele ya watu. Nimekaa nyuma ya pazia, nimekaza shingo, nangoja kubembelezwa.

Nikamsikia akasema, "Allah akulipe, dada." Basi. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyekabwa. Nikasema moyoni, tamaa hiyo, furaha imemkaba.

Nikaingia jikoni kuosha vikombe vya kahawa. Bi Raya akanifuata, akasimama mlangoni, mtu mfupi mwenye kiuno cha kuuma na ulimi usiouma. Akaniuliza, "Umempa, au umesusa?"

"Nimempa."

"Zuwena, mie nimekuogesha weye. Mtu anayetoa, midomo haimtetemeki. Kusamehe ni kitu na kususa ni kitu. Anayesamehe huondoka akaenda zake. Anayesusa hutazama nyuma kuona kama anafuatwa. Nenda kamwambie sasa hivi, shekhe hajavaa viatu."

"Kwani yeye hana macho? Kwa nini asione mwenyewe?"

"Aone nini, we mwana? Ulikuwa nyuma ya pazia!"

Nikaendelea kuosha kikombe kile kile. Bi Raya akasema, "Wahenga wamesema ukisusa wenzio twala. Mie nakuongezea: usije ukamchukia mla." Uani nikasikia viatu vya shekhe vinaburura, mlango wa nje ukafungwa. Nikakifuta kikombe nikakirudisha kabatini.

Yale ndiyo maonyo niliyopewa nikiwa bado nna nafasi ya kuyatumia. Sikuyatumia. Niliyatia mfukoni, yakakaa humo miaka thelathini na saba.

Nassor hakuliuza shamba. Mji ulikuja mpaka pale ukutani. Chuo kikuu kikajengwa, zikaja nyumba za wahadhiri, zikaja barabara, wakaja watu na magari makubwa wanataka kununua, yeye anakataa. Nikasikia, nikasema, muone, kang'ang'ania vya watu. Kila msimu wa tende mbivu, kwenye joto lile ambalo hata paka hatoki, alikuja Hamriya kwa gari yake, akapanda ngazi na kikapu cha makuti kichwani mwenyewe, na mtu mkubwa wizarani huyo. "Fungu lako, dada," husema. Khalas tupu, za ile mitatu, za kwanza kuiva. Nikaona ananiletea changu kama sadaka. Nikimkaribisha kahawa, akiondoka tu, kikapu nakipeleka kwa majirani. Wakiniuliza mbona huli, nasema sukari. Mwanangu, sikuwa na sukari! Nimepata baadaye, kwa kusema uongo nadhani.

Alipozaliwa binti yake akampa jina langu, Zuwena. Nikaona ananihonga kwa jina. Siku ya akika, ya kumchinjia mtoto, nilisema naumwa kichwa. Na yule mtoto akakua akinipenda bila sababu yoyote niliyompa, akija kunikalia mapajani na kunichezea pete. Mie nampenda huku namtazama, najiambia, hii ni pua ya yule aliyenila.

Sikugombana na Nassor hata siku moja. Hilo ndilo baya lenyewe. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune, ndivyo tunavyosema. Sasa kama mmoja anagombana peke yake na mwenziwe hana habari, jembe nani atashika? Yeye alikuwa kwenye mavuno miaka yote. Mie ndiye niliyekuwa nalima jua kali, shamba ambalo halina mtu.

Mwaka juzi Nassor akaugua. Alikuwa kwake, Khoudh hii mpya, kalala kwenye chumba chenye dirisha linalotazama upande wa wadi. Nilikwenda kumtazama alasiri moja, tukawa wawili. Kakonda, mikono imekuwa kama ya baba. Akanambia, "Dada, kaa karibu. Nna jambo sijapata kukwambia."

Nikasema, leo atakiri.

Akasema, "Siku ile ya kugawa, nilikuwa naogopa. Nilijichorea upande wa mlangoni kwa kuwa nilitaka kujenga chumba pale nianzie maisha. Sikukuonesha karatasi kwa kuogopa utasema unautaka. Shekhe alipokuuliza, nikasema, leo nimeumbuka. Weye ukanipa shamba zima. Nililia mbele ya wanaume, dada. Nilicheka kwanza, kisha nikalia, sikuweza hata kusema vizuri." Akapumzika. "Chumba sikukijenga. Niliona haya kukata hata mtende mmoja. Kila aliyekuja kununua nilimwambia, hili si la kuuza, hii ni zawadi ya dada yangu. Wanangu nimewafunza hivyo. Sijapata kuona mtu mwenye mkono wazi kama weye."

Mie nimekaa, mwanangu, sina pa kuutia uso wangu. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua, "Nassor, mbona hukuniuliza mara ya pili?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nikuulize? Si ulisema khalas?" Akaanza kucheka, kicheko kikamletea kikohozi, nikamshika mgongo. "Kofi lako nalijua mie," akasema.

Nilifungua mdomo nimwambie kweli. Nilitaka kumwambia, sikukupa, nimekuchukia miaka thelathini na saba, nimegawa tende zako mlango hadi mlango. Nikamtazama alivyolala, kafurahi. Nikaufunga. Nikamfuta mdomo kwa pembe ya leso yangu, kama nilivyokuwa nikimfuta makamasi. Pale ndipo nilipomsamehe, na papo hapo nikaona hapakuwa na cha kumsamehe. Alichukua kitu alichopewa, akakitunza, akashukuru. Alikosa nini? Kunificha karatasi? Hilo nalo ningelimaliza siku ile ile kwa kumvuta sikio.

Hakufika wiki mbili. Msimu wa tende ulipofika, kikapu kililetwa na Zuwena mdogo. Nilikaa chini jikoni, mlango nimeufunga, nikala tende za khalas kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilikula saba. Na sukari hiyo sasa ni ya kweli.

Subiri, sijamaliza. Usitazame simu.

Baada ya muda ikaja zamu ya wanawe kugawana. Mjane kapewa thumuni yake, wakabaki watoto, wanaume wawili na Zuwena mdogo. Wakaniita nikae nao kwa ukubwa wangu. Siku hizi hakuna pazia. Wamekaa wote kwenye makochi, mwanamume na mwanamke, kuna kompyuta, shamba linaonekana kutoka juu mbinguni, kila mtende kidoa cha kijani. Kaka mkubwa kachora mistari, rangi zile zile za baba yake, astaghfirullah, nikajua damu haipotei. Akauliza, "Zuwena, upande huu wa wadi ndio wako. Una neno?"

Nikamtazama yule msichana. Daktari wa watu, anaendesha gari peke yake mpaka Salala. Uso wake ukawa ule. Akakaza shingo. Pazia lilikuwa limeshuka palepale usoni kwake, hakuna aliyeliona ila mie. Akainua kichwa akasema, "Mie? Mie khal..."

Nilipiga fimbo yangu juu ya meza, kahawa ikamwagika mpaka kwenye kompyuta. "Lisitoke hilo neno!" nikasema. "Lirudishe! Sema unachokitaka, na ukitaje kwa jina lake."

Wote wakaniona nimeingia wazimu. Zuwena akaanza kulia. Akasema, "Nataka ile mitatu ya mlangoni. Baba alikuwa akinipandisha ngazi pale kukata kikapu chako, shangazi. Sitaki kitu kingine zaidi ya fungu langu, nataka tu ile iwe ndani yake."

Kaka yake mkubwa akamtazama, akamtazama na mdogo wake wa kiume. "Alaa! Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Si uchukue? Mie hata ngazi naogopa kupanda." Mwengine akasema, "Tulidhani hutaki usumbufu wa watu wanaopita mlangoni." Akavuta mstari kwa kidole, rangi ya manjano ikahama ikaja mlangoni. Ikawa imekwisha. Haikuchukua muda wa kuifuta ile kahawa.

Nikalia mpaka nikashindwa kupumua. Walinipepea, wakanipa maji, wakasema maskini, kamkumbuka ndugu yake. Kumkumbuka nilimkumbuka. Lakini nilikuwa nalia kwa ule wepesi, mwanangu. Kuona jambo lenyewe lilikuwa jepesi namna ile.

Basi weye uliyenijia na nyeusi yako, unayetaka kuambiwa useme nini Jumamosi. Siwezi kukwambia udai au usamehe. Moyo wako ndio unaojua. Nakwambia hivi tu. Ukitaka, sema, na utaje: mtende huu, chumba hiki, bangili ile ya mama. Mficha uchi hazai. Fungu lako kaligawa Mungu, si kaka yako, kwa hiyo hulichukui mfukoni mwake ukaona haya. Na ukitaka kumwachia nduguyo, mwachie, ni wema mkubwa, lakini kwanza nenda kalale siku tatu uone kama ukiamka bado unataka kumwachia. Ukimwachia, usitazame nyuma. Usimpe mtu kitu kisha ukakaa kumngojea akurudishie. Hicho hukumpa, umekifanya mtego, na mguu utakaonaswa ni wako.

Na kama una kaka, mwambie maneno haya ya bibi kizee: dada yako akisema khalas, muulize mara ya pili. Na ya tatu. Uondoe pazia ukamtazame usoni. Hata kama alikulea kwa makofi, muulize. Afadhali kofi.

Nenda, mwanangu, nimechoka sasa. Mungu amlaze baba yako pema, na akupe ulimi wa kusema la haki bila kutetemeka na mkono wa kutoa bila kujuta. Akujaalie nduguzo wakuletee kikapu kila msimu nawe ukile mbele yao, tende kwa tende, mpaka mbegu ya mwisho. Chukua hizi ukale njiani. Ni za mlangoni.